Nililipa nikiwa na amani kabisa moyoni. Miezi mitano baadaye injini imekufa. Ile amani ilikuwa ya nani?

#1 Baba Upendo
Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo nauacha.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Morogoro. Mafao yalipotoka, mimi na mke wangu tulisali wiki sita tujue tuyafanyie nini. Si sala za kupitisha, kila Jumatano na Ijumaa tulifunga. Mashauri yalikuwa mawili: kununua Hiace iingie barabarani, au kumalizia vyumba vinne vya kupangisha kwenye kiwanja chetu cha Kihonda.

Nikaomba ishara. Muuzaji wa gari akashuka mwenyewe kutoka milioni 21 hadi 18, sikumbembeleza. Zikapungua milioni 7, nikaomba mkopo kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa. Watu husubiri miezi miwili, mimi ulitoka siku tisa. Asubuhi ya kwenda kulipa nikafungua Biblia bila kuchagua, ikafunguka Kutoka 33, jicho likatua mstari wa 14: "Uso wangu utakwenda pamoja nawe, nami nitakupa raha." Nikalia. Nilikuwa na amani ambayo sikuwahi kuwa nayo hata siku naoa.

Miezi minne gari lilileta hesabu bila tatizo. Wa tano likaanza kuchemsha. Tukabadilisha rejeta, likachemsha tena. Siku moja likazima njiani na abiria ndani, konda akarudisha nauli kichwa kwa kichwa. Sasa liko uani chini ya mwembe, kuku wanalala uvunguni. Mkopo umebaki miezi kumi na tisa.

Mchungaji anasema Mungu ananijenga. Kaka yangu anasema nilinunua gari bovu basi, nisimsingizie Mungu. Mke wangu hasemi kitu, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Siulizi kama Mungu yupo, hilo nilishamaliza. Nauliza: ile amani ilikuwa nini? Mtu anajuaje kwamba anaongozwa na si kwamba anataka tu?

#2 Mlokole Halisi
Shikamoo mwalimu, pole sana. Mimi naona amani ilikuwa ya Mungu na gari lilikuwa la Mungu. Lililotokea baadaye ni vita. Adui hashambulii kisicho na thamani. Je, gari liliwekwa wakfu? Wengi tunapokea baraka halafu hatuzilindi kwa maombi. Usikubali kuambiwa ulisikia vibaya.

#3 fundi_wa_hedi
Shikamoo mwalimu. Mimi theolojia sijui, najua injini. Maswali manne, ujibu kwa ukweli:
1. Siku ulipokwenda kulikagua ulilikuta limepoa au limeshawashwa?
2. Asubuhi lilikuwa linatoa moshi mweupe unaokataa kuisha?
3. Ukifungua kifuniko cha oili, kwa ndani kuna utando kama maziwa?
4. Nani alilikagua kabla ya kulipa?

#4 Shemasi wa Zamu
Mwalimu, pole. Nitasema jambo ambalo halisemwi sana kanisani. Soma Yona sura ya kwanza polepole. Mungu kamwambia nenda Ninawi, yeye anakimbilia Tarshishi. Anafika Yafa, anakuta merikebu iendayo huko huko anakotaka. Nauli anayo, anapanda. Dhoruba inakuja, mabaharia wanamlilia kila mtu mungu wake, na Yona yuko chini amelala usingizi mzito.

Mlango ulifunguka, fedha ilikuwepo, amani ilikuwepo hadi ya kulala katikati ya tufani. Na alikuwa anamkimbia Mungu.

Sasa geukia Gethsemane, Mathayo 26:38: "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa." Huyo ndiye aliyekuwa katikati kabisa ya mapenzi ya Baba yake, na hakuwa na ile tunayoiita amani moyoni.

Sisemi wewe ni Yona. Nasema kipimo tunachofundishana hakikupimi.

#5 Mama Neema 77
Mimi nasema hivi, Mungu mwenyewe kasema jisaidie nami nitakusaidia. Kuomba tu bila kutumia akili ni kumjaribu Bwana. Pole baba.

#6 Kinanda
Mama Neema, nakuheshimu, ila hayo maneno hayamo kwenye Biblia, si Agano la Kale wala Jipya. Tumeyasikia mno mpaka tukadhani ni andiko. Kinachokaribia ni Mithali 16:9: "Moyo wa mtu huifikiri njia yake, bali BWANA huziongoza hatua zake." Na hapo haisemi moyo usifikiri.

#7 Mama Neema 77
Loh, nimeyasema miaka arobaini hayo. Nimejibiwa. Lakini maana yake si inabaki?

#8 Kinanda
Inabaki nusu. "Jisaidie nikusaidie" inamfanya Mungu asubiri uanze. Mithali inasema yumo tangu unapofikiri. Mimi ni Mlutheri, nimekua na Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Pale kwenye "utupe leo riziki yetu" Luther anaorodhesha riziki ni nini: chakula, mavazi, viatu, nyumba, shamba, mifugo, fedha, serikali njema, hali njema ya hewa, afya, mpaka marafiki wema na majirani waaminifu. Utotoni nilikuwa naikariri bila kuisikia. Sasa najiuliza, jirani anayejua injini si sehemu ya sala hiyo?

#9 Baba Upendo
Asanteni wote. Fundi, nakujibu.

La pili, ndiyo, moshi mweupe asubuhi, dereva akasema ni baridi ya Morogoro. La tatu nimetoka uani sasa hivi na tochi. Nimefungua kifuniko. Ni kama maziwa kweli, maziwa yenye chai. La nne, alilikagua dereva ambaye ndiye angeliendesha, naye alilitaka kuliko mimi.

La kwanza limenikosesha usingizi tangu ulipouliza. Nilipofika kwa yule bwana gari lilikuwa limezimwa. Niliweka mkono juu ya boneti, hivi tu, kama mtu anavyompapasa ng'ombe anayemnunua. Ilikuwa ya moto. Na ilikuwa saa moja kasoro asubuhi, gari liko ndani ya geti. Mkono wangu ulijua. Nikauondoa, kwa sababu moyoni nilikuwa na amani.

#10 fundi_wa_hedi
Hapo ndipo penyewe, mzee wangu. Gari lenye gasketi ya hedi iliyokwisha (kizibo cha chini ya kifuniko cha juu cha injini, kikiisha maji huingia kwenye oili), au hedi yenyewe imepata ufa, likiwashwa limepoa linajionyesha: moshi, kutetemeka, mapovu kwenye rejeta. Muuzaji anayejua huliwasha kabla hujafika, likapata moto, likatulia. Ndiyo maana sisi tukiitwa kukagua tunasema gari lisiguswe mpaka tufike. Boneti ya moto asubuhi na mapema ni taarifa tosha.

Kubadilisha rejeta ilikuwa kutibu kikohozi cha mtu mwenye kifua kikuu. Hasira yangu ni kwa aliyekubadilishia bila kupima.

#11 Ustadh wa Makorora
Naomba nichangie kidogo ingawa ni uzi wa Wakristo. Kwetu kuna hadithi maarufu iliyopokewa na Tirmidhi: mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) amfunge ngamia wake kisha atawakali (amtegemee Mungu), au amwache huru kisha atawakali. Akaambiwa mfunge, kisha utawakali. Kutawakali hakuanzi pale akili inapokoma, vinakwenda pamoja. Mola akufungulie, mwalimu.

#12 Shemasi wa Zamu
Ahsante Ustadh, karibu sana.

#13 Mlokole Halisi
Haya ya kufunga ngamia ni sawa, lakini tusifike mahali Mungu akose sauti kabisa. Mtumishi wa Ibrahimu, Eliezeri, Mwanzo 24, aliomba ishara kisimani: msichana atakayesema kunywa, na ngamia zako nitawanywesha, ndiye. Akaja Rebeka kabla hajamaliza kusema. Gideoni je, aliyeomba ishara ya umande kwenye ngozi ya kondoo? Mwalimu aliomba ishara tatu, akapata tatu. Biblia ile ile mnayoinukuu.

#14 Kijana wa Peramiho
Sahihisho dogo tu ndugu: Mwanzo 24 haimtaji jina mtumishi huyo. Eliezeri anatajwa Mwanzo 15:2, ndipo watu wakaunganisha.

Lakini tazama ishara aliyoomba. Kunywesha ngamia kumi waliotoka safari ni kuchota maji mpaka mgongo uume. Ishara yenyewe ilimpima tabia msichana: mkarimu, mchapakazi, hasubiri kuombwa mara mbili. Ni tofauti na kusema "nikiona gari jekundu nitajua". Ishara za mwalimu zilipima nini? Bei kushuka ilipima haraka ya muuzaji kuuza. Naomba radhi kwa kulisema wazi.

Kwetu Wakatoliki, Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyekuwa askari hadi alipovunjwa mguu na mzinga Pamplona mwaka 1521, aliacha kanuni za kupambanua roho. Moja husema wakati wa ukiwa, yaani moyo unapokuwa mkavu na mzito, usibadilishe uamuzi uliofanya ukiwa na faraja. Lakini kuna nyingine inayosahaulika: hata faraja ipimwe, mwanzo wake, katikati yake na mwisho wake, kwa kuwa yule mwovu hujigeuza malaika wa nuru. Amani ni mwanzo wa kazi ya kupambanua. Mtu hamalizii hapo.

#15 Mlokole Halisi
Nimekubali la Eliezeri. La Gideoni hamjalijibu.

#16 Shemasi wa Zamu
Gideoni, Waamuzi 6. Kabla ya ngozi alikuwa ameshaambiwa na malaika nini cha kufanya, na mwenyewe anasema mstari wa 36 "kama ulivyosema". Hakuwa anatafuta mapenzi ya Mungu, alikuwa anaogopa kuyatii. Mungu akamvumilia. Kuvumiliwa si kuwekewa utaratibu.

#17 Mnyakyusa Mtulivu
Ndaga fijo kwa michango. Mimi ni Mmoraviani kutoka Rungwe, na kuhusu ishara sisi tuna historia ndefu kuliko wengi. Kule Herrnhut, Ujerumani, Wamoraviani wa karne ya 18 walipiga kura (ya kuokota bila kuchagua, si ya uchaguzi) kutafuta uongozi wa Bwana karibu katika kila kitu: nani atumwe misheni, nani awekwe mzee, hata nani amwoe nani. Walikuwa wanafuata Mithali 16:33 na Mathiya wa Matendo 1, aliyechaguliwa kwa kura. Walikuwa watu wa sala kwelikweli. Watu walioana kwa kura wakazeeka pamoja kwa heshima.

Kidogo kidogo waliiacha. Kura iliondolewa kabisa mwaka 1889, miaka miwili tu kabla wamisionari wetu hawajafika Rungwe 1891. Hawakusema Mungu hakuwahi kuitumia. Waliona tu kwamba watu wanaweza kujificha nyuma ya kura wasibebe uamuzi wao.

Kilichobaki ni neno la siku. Mistari ya Agano la Kale bado huchaguliwa kwa kura Herrnhut kila mwaka, na kitabu hicho kimechapwa mfululizo tangu 1731. Bibi yangu alikuwa analisoma kabla ya kuwasha moto. Nilimuuliza kama neno la siku linamwambia apande lini maharage. Akasema, "Linaniambia niko na nani. Maharage naangalia mvua."

Kutoka 33:14, mwalimu, nadhani ulipewa kweli. Lakini lisome tena: Uso wangu utakwenda pamoja nawe. Haikutaja gari.

#18 Baba Upendo
Mnyakyusa, hapo umenifikia.

#19 Bahati_Nasibu
Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mimi si muumini kwa sasa, ila nilikua kwaya. Sina nia ya kukejeli.

Gari lingekuwa zima, uzi ungekuwa ushuhuda Jumapili: ishara tatu na andiko. Limekufa, sasa ishara zinachambuliwa. Mchungaji anasema Mungu anajenga. Mlokole anasema ni vita. Shemasi anasema amani haipimi. Ni matokeo gani yangemfanya mtu wa hapa aseme "Mungu hakuhusika kabisa na hili"? Kama hakuna, basi neno "kuongozwa" linasema nini?

#20 Kinanda
Swali la haki, wala si la kukurupuka nalo. Jibu langu fupi: hakuna matokeo yatakayonifanya niseme hakuhusika, kwa sababu siamini ameacha hata unywele mmoja. Lakini yapo mengi yatakayonifanya niseme *sikuongozwa*, nilikwenda mwenyewe. Hayo mawili tunayachanganya. Alikuwa na Yona ndani ya samaki, na bado Yona alikuwa amekosea njia.

#21 Mpwani wa Kisauni
Hamjambo wenzangu, naandika kutoka Mombasa. Hapa kwetu upande wa Nyali kuna kaburi ambalo watoto wa Sunday school hupelekwa kulitazama. Ni la Rosine, mkewe mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf. Krapf alikuwa amejitolea kuwafikia Waoromo. Njia ya Habeshi (Ethiopia) ikamfungikia, akaona apitie pwani ya Mombasa. Wakafika 1844. Julai mwaka huo huo mkewe akafa kwa homa, na siku chache baadaye binti yao mchanga. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani.

Kwa Waoromo hakufanikiwa kamwe vile alivyopanga. Lakini alipokuwa akingojea, alianza kuandika Kiswahili. Mwaka ule ule wa msiba akawa anatafsiri Mwanzo. Sarufi yake ilitoka 1850, kamusi ikatoka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Maandiko tunayobishania hapa kwa lugha hii yana deni kwa mtu ambaye mpango wake wa kwanza ulikwama. Mimi huwa nikisikia "mlango umefungwa" nakumbuka kaburi lile. Huenda Hiace ni Waoromo wako, mwalimu.

#22 Dada Rehema
Mpwani, nakuomba usimalizie hivyo.

Mimi ni muuguzi. Nilimzika mwanangu wa kwanza ana miezi saba. Kadi yake ya kliniki ninayo mpaka leo, tarehe ya kurudi imeandikwa kwa kalamu ya bluu, tarehe 14. Alifariki tarehe 11. Watu walikuja na sufuria za wali na sentensi. "Mungu alimpenda zaidi." "Kazi ya Mungu haina makosa." "Atakupa mwingine." Waliobaki akilini mwangu ni wawili: mama mmoja aliyeosha vyombo siku tatu bila kusema lolote, na mzee wetu wa kanisa aliyekaa kwenye mkeka akasema, "Mwanangu, mimi sijui."

Rosine hakufa *ili* sisi tupate kamusi. Yule mtoto mchanga hakufa *ili* mtu aandike sarufi. Kama Mungu anafanya biashara ya namna hiyo mimi simjui. Naamini alikuwepo pale kitandani, na naamini Krapf aliposhika kalamu tena hakuwa peke yake. Zaidi ya hapo sifiki.

Gari ni gari, mwalimu atanisamehe. Ila huwa tunaanzia kwenye magari, tunafikisha mazoea yale yale kwenye makaburi.

#23 Mpwani wa Kisauni
Dada Rehema, pole sana, na samahani. Nimelisoma la kwako mara mbili. Ni kweli, lile "ili" nimelitia mimi, sikulikuta popote. Mstari wangu wa mwisho naufuta. Historia naiacha, kwa kuwa ilitokea.

#24 Shemasi wa Zamu
Na hili "ili" linarudi kwenye Warumi 8:28 ambayo tunaipiga chenga kila msibani. Tunasema "mambo yote ni mema". Kiswahili cha Biblia yetu hakisemi hivyo. Kinasema: "katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema." Anayefanya kazi ni Mungu. Mambo yenyewe yanaweza kuwa mabaya na yakabaki mabaya. Yusufu aliwaambia ndugu zake waziwazi, "mlinikusudia mabaya". Hakuwaambia "mlinifanyia vizuri".

#25 Dada Rehema
Ahsante. Ingawa Yusufu aliyasema hayo akiwa ameshavaa pete ya Farao. Shimoni alikotupwa na ndugu zake hakusema.

#26 Mzee wa Kagera
Bwana asifiwe wanangu. Nimechelewa, mjukuu ndiye ananifungulia mtandao.

Mimi ni wa uamsho wa Kikristo wa Afrika Mashariki. Ulipotoka Gahini kule Rwanda na kupitia Uganda ukafika kwetu, wazazi wangu waliokolewa humo. Katika ushirika ule jambo kama la mwalimu lisingeamuliwa na mtu na moyo wake. Mtu anataka kuoa, kununua ng'ombe, kuhama, analeta nuruni. Ndugu wanamuuliza: umelipa madeni? Unakitaka kwa nini? Wakati mwingine waliuliza kupita kiasi na kuumiza watu, sitalificha. Lakini mnapenda kunukuu Wakolosai 3:15, "amani ya Kristo iamue mioyoni mwenu", mkaishia hapo. Endeleeni: "ndiyo mliyoitiwa katika mwili mmoja." Amani hiyo ni ya mwili, si ya mtu mmoja asubuhi na Biblia yake.

Wala ushirika haukutupa mwisho mwema kila mara. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alikuwa ndugu wa uamsho, aliomba na ndugu, na aliuawa Februari 1977 chini ya Amin. Vijana watatu wa Danieli 3 walisema Mungu aweza kutuokoa, halafu wakaongeza, "Bali kama si hivyo". Hayo maneno mawili matatu ndiyo imani niliyoifahamu mimi.

Sasa mwalimu, swali moja la mzee. Umeandika "nilikuwa na amani". Mama je? Yeye alikuwa nayo?

#27 Zawadi_Kibaha
Shikamoo mzee. Nje ya mada kidogo, Hiace ya milioni 18 ilikuwa ya mwaka gani? Natafuta na mimi.

#28 fundi_wa_hedi
Zawadi, kama hujajifunza kitu mpaka #27 rudi #10 usome tena, taratibu. Njoo inbox.

#29 Baba Upendo
Nilikaa siku nne bila kujibu swali la mzee. Sikuwa na jibu, maana sikuwahi kumuuliza.

Jana jioni alikuwa anachambua mchicha. Nikakaa chini naye, nikachukua fungu, nikauliza. Akachambua kama dakika nzima. Akasema: "Mimi sikuwa na amani hata siku moja. Kila tulipomaliza kusali nilikuwa naona vyumba. Lakini wewe ulikuwa unalia kwa furaha, nikasema Mungu amesema na baba wa nyumba, mimi ni nani."

Wiki sita tulifunga pamoja, tukapiga magoti kwenye zulia moja, na sikuwahi kumgeukia nikamuuliza anasikia nini. Nilikuwa nasikiliza juu, na jibu lingine lilikuwa limepiga magoti mkono wangu wa kushoto.

Hilo gari naweza kulisamehe. Hili ninalibeba.

#30 Mama Neema 77
Mwalimu, umenitoa machozi. Mwambie mama tunamsalimu. Wanawake wengi tuko kwenye hicho alichosema.

#31 Mlokole Halisi
Nimeguswa, mwalimu. Na nimekwenda kumuuliza wangu jambo moja tunalolisalia, ameniambia kitu tofauti kabisa na nilivyodhani.

Bado lakini sikubali kwamba vita haipo. Yule aliyelipasha gari moto kabla hujafika alifanya udanganyifu, na udanganyifu una baba yake, Yohana 8:44. Kwa hiyo mimi na fundi tunaweza kuwa tunasema kitu kimoja.

#32 fundi_wa_hedi
Hapo sina pingamizi. Ila akija muuzaji mwingine leo usikemee kwanza, gusa boneti kwanza.

#33 Kijana wa Peramiho
Kuna kitu kinanisumbua. Wote tumekubaliana kwamba vyumba vya Kihonda ndivyo vilikuwa uongozi sahihi, kwa sababu mama aliviona na gari limekufa. Tunajuaje? Huenda fundi mwashi angekimbia na saruji. Tusije tukafanya kwa mama kile tulichokataa kufanya kwa ishara tatu.

#34 Bahati_Nasibu
Hili ndilo swali langu la #19 limerudi limevaa kanzu. Nashukuru limeulizwa na muumini.

#35 Mzee wa Kagera
Kijana ana haki. Mimi sikusema mama alisikia sawasawa. Nilisema aulizwe. Israeli walipotoka Misri, njia ya nchi ya Wafilisti ilikuwa karibu, Mungu akawazungusha nyikani, Kutoka 13:17. Wao hawakuambiwa sababu, sisi ndio tumeandikiwa. Wao waliona wingu tu.

#36 Dada Rehema
Na mana ya siku moja moja, ikilazwa inatoa mabuu. Mimi nimeacha kuomba nione njia yote. Naomba ya zamu ya leo. Siku nyingine hata hiyo siioni, naingia wodini hivyo hivyo.

#37 Baba Upendo
Mrejesho, maana wengi mmeuliza inbox. Tumekwenda mimi na mke wangu kwenye chama, yeye ndiye aliyeongea. Wamekubali kurefusha marejesho. Konda wetu wa zamani amekuja Jumapili kusalimia, kaleta ndizi, anauza vocha stendi ya Msamvu. Gari tunalitafakari: kulitengeneza au kuliuza lilivyo, na yeyote atakayelinunua nitamwambia kila kitu, na nitamwacha alikute limepoa. Bado hatujakubaliana. Mke wangu anataka liuzwe, mimi nataka hedi ifunguliwe kwanza. Safari hii tunabishana kwa sauti.

Ile amani sijajua ilikuwa nini. Haijarudi. Nasali bila hiyo.

#38 Mnyakyusa Mtulivu
Neno la bibi linakuhusu bado, mwalimu.

#39 fundi_wa_hedi
Mwalimu, Jumamosi nateremka kutoka Dodoma kwenda Dar, Morogoro ni njiani. Nitapita niifungue hedi tuione, hela ya ufundi sitaki, chakula tu, huo mchicha. Mama naye awepo mezani, nitamweleza yeye pia nitakachokikuta. Usiliwashe mpaka nifike.